Umbali wa angani na muda wa safari ya ndege: namna ya kupiga hesabu mwenyewe, kwa mfano wa Dar es Salaam na Muscat

Kati ya Muscat na Dubai, mji upi uko karibu zaidi na Dar es Salaam? Wengi watataja Muscat bila kusita, maana kwenye ramani Oman ndiyo imekaa mbele, inatazama bahari. Ukipiga hesabu utakuta miji hiyo imepishana kilomita zisizofika kumi katika safari ya karibu kilomita 4,000. Ramani bapa hudanganya. Tovuti za kukokotoa umbali nazo mara nyingi hutoa jibu moja kavu, bila kusema limepimwa kutoka wapi hadi wapi wala kwa ndege ya aina gani.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kikokotoo cha simu na dakika kumi vinatosha. Ukishaijua utaweza kuipima tiketi yoyote: kama muda ulioandikwa unaingia akilini, kama kituo cha kuunganisha kinakuzungusha bure, na saa ngapi hasa umwambie ndugu yako aje kukupokea. Mfano mkuu hapa ni Dar es Salaam–Muscat. Safari nyingine zitaingia panapohitajika.

Hatua ya 1: Pima uwanja, usipime mji

Ndege haitui Kariakoo wala Mutrah. Inatua uwanjani, na uwanja unaweza kuwa makumi ya kilomita kutoka mji unaoutaja. Kwa hiyo anza na herufi tatu zilizo kwenye tiketi. DAR ni Julius Nyerere, ZNZ ni Abeid Amani Karume, NBO ni Jomo Kenyatta, MBA ni Moi wa Mombasa, JRO ni Kilimanjaro, MCT ni Muscat (uko upande wa Seeb), DXB ni Dubai. Anayesema "naenda Arusha" anaweza kutua ARK, kiwanja kidogo cha Kisongo, au JRO, ambako bado ana karibu kilomita 50 za barabara. Nairobi ina NBO na WIL, yaani Wilson. Dubai nayo ina DXB na DWC.

Ukishaujua uwanja, tafuta latitudo na longitudo yake. Kwenye Google Maps bonyeza kwa muda katikati ya njia ya kurukia mpaka alama itokee, nayo italeta namba mbili: ya kwanza latitudo, ya pili longitudo. Kwa mfano wetu:

DAR: −6.878, 39.203
MCT: 23.593, 58.284

Desimali tatu zinatosha kabisa. Ya tatu ni kama mita 111 tu ardhini.

Makosa mawili huzaliwa hapa na kuharibu kila kinachofuata. La kwanza ni kuacha alama ya kutoa. Sehemu yoyote iliyo kusini ya ikweta ina latitudo hasi, na Dar, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi zote ziko kusini. Ukiiandika Dar kama 6.878 badala ya −6.878 utakuwa umeihamishia Ethiopia ya kusini, na umbali hadi Muscat utashuka hadi kilomita 2,760 hivi. Kilomita 1,200 zimepotea kwa kistari kimoja. Kosa la pili ni kuchanganya dakika za digrii na desimali. Vitabu vingine huandika Dar 6°52′41″ Kusini. Hiyo si 6.5241. Ni 6 + 52÷60 + 41÷3600, yaani 6.878. Anayekosea hapa anaihamisha Dar karibu kilomita 39.

Hatua ya 2: Pata umbali wa duara kuu

Njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya tufe ni duara kuu: ule mstari unaoupata ukivuta uzi ukakaza juu ya tufe la dunia la darasani. Kama tufe liko karibu, vuta uzi kweli, maana utaona kwa macho ndege inapita juu ya nchi zipi. Kisha piga hesabu. Weka kikokotoo katika hali ya digrii (alama ya DEG, ikiwa RAD majibu yote yatakuwa takataka) na ufuate mtiririko huu:

1. Tofauti ya longitudo: 58.284 − 39.203 = 19.081.
2. sin(−6.878) × sin(23.593) = −0.0479.
3. cos(−6.878) × cos(23.593) × cos(19.081) = 0.8598.
4. Jumlisha majibu ya 2 na 3: 0.8119.
5. Tafuta cos kinyume (cos⁻¹) ya 0.8119: digrii 35.72.
6. Zidisha kwa 111.2: kilomita 3,972.

Hiyo 111.2 inatoka wapi? Wastani wa nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, hivyo mzingo wake ni kama kilomita 40,030. Gawa kwa digrii 360. Marubani wana njia nyepesi zaidi: kila digrii ya duara kuu ni maili 60 za bahari, kwa hiyo 35.72 × 60 = maili 2,143 za bahari. Maili ya bahari ni mita 1,852 kamili, na noti ni maili moja ya bahari kwa saa. Angalia usiichanganye na maili ya barabarani, ambayo ni mita 1,609. Tovuti inapokuandikia "maili" tu bila kufafanua, jibu linaweza kupishana kwa asilimia 15.

Mwenye Excel au Google Sheets aweke latitudo kwenye B2 na B3, longitudo kwenye C2 na C3, kisha abandike hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Ukisahau RADIANS hata mara moja, jedwali halitalalamika. Litakupa namba tu, na namba hiyo ni ya uongo.

Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kwa sababu hiyo programu zinazotumia umbo halisi la dunia zitakupa Dar–Muscat pungufu kwa kilomita kumi na kitu. Ni kama dakika moja ya kuruka, usihangaike nayo.

Kwa safari zisizozidi kilomita 1,000 karibu na ikweta, kuna njia ya mkato inayokaribia kabisa jibu kamili. Chukua tofauti ya latitudo na tofauti ya longitudo, zipandishe kila moja kwa kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa 111.2. Nairobi–Dar: tofauti za latitudo na longitudo ni 5.559 na 2.277. Vipeo vyake ni 30.90 na 5.18, jumla 36.08, kipeuo chake 6.007, jibu kilomita 668. Kazi hiyo inafanyika hata kwenye kikokotoo cha dukani kisicho na sin wala cos.

Lakini njia hiyo isivuke mipaka yake. Digrii moja ya longitudo ina kilomita 111 kwenye ikweta, kama 102 Muscat, na 69 tu London. Ukiitumia kwa Dar–London utapata kilomita 7,850 wakati duara kuu ni kama 7,510.

Hatua ya 3: Ongeza mzunguko wa njia halisi

Hakuna ndege inayofuata duara kuu mita kwa mita. Inaondoka kwa njia ya kurukia inayoelekea upande wa upepo, inageuka, inashika njia za anga zilizopangwa, na mwisho inapangiwa foleni ya kutua. Ongeza asilimia 3 hadi 5 kwa safari ndefu, na 5 hadi 10 kwa fupi, kwa kuwa kona za kuondoka na kutua ni zile zile hata kama safari ni ya nusu saa.

Mstari wa Dar–Muscat unaanza kwa uelekeo wa digrii 31, kaskazini-mashariki. Unapita baharini nje ya Mombasa na Lamu, unaingia Somalia kusini ya Mogadishu, unatokea kwenye Pembe ya Afrika, unavuka mlango wa Ghuba ya Aden na kushika nchi kavu tena upande wa Salalah. Ni njia iliyo wazi, kwa hiyo asilimia 4 inatosha: 3,972 × 1.04 = kilomita 4,131.

Dubai si hivyo. Mstari wake unakata Yemen, na tangu vita vya mwaka 2015 mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa anga hiyo kwa kuingilia Oman. Ndiyo maana miji miwili yenye umbali karibu sawa kwa hesabu inaweza kutofautiana kwa muda wa safari. Mfano mzito zaidi ni Sudan. Anga yake ilipofungwa Aprili 2023, ndege za Nairobi–London, ambazo duara kuu lake (kilomita 6,840 hivi) linapita katikati ya nchi hiyo, zililazimika kuzunguka. Kabla ya kuchagua asilimia, basi, vuta mstari na uulize kuna nchi gani chini yake.

Hatua ya 4: Ijue ndege yenyewe

Kugawa kila kitu kwa "kilomita 900 kwa saa" ndilo kosa la tovuti nyingi. Kasi inategemea ndege, na aina ya ndege huandikwa kwenye tiketi au kwenye ukurasa wa kukata tiketi. Mwendo wake ikishatulia juu, kwa makadirio:

Boeing 787: kilomita 900 kwa saa.
Boeing 737, Airbus A320 na A220: 830 hadi 840.
Dash 8 Q400: 620 hadi 660.
ATR 72: 500 hadi 510.
Cessna Caravan: 310 hadi 340.

Tofauti hizi zinaonekana zaidi kwenye safari za ndani. Dar–Mwanza ni kilomita 852 kwa duara kuu. Ndege ya jeti na ya pangaboi zinaweza kupishana robo saa hadi nusu saa kwenye njia hiyo hiyo, kwa nauli zinazokaribiana.

Kwa Dar–Muscat tuchukue 737: 4,131 ÷ 840 = 4.92. Simama hapo! 4.92 si saa 4 na dakika 92, wala si "karibu saa 5 na nusu". Zidisha 0.92 kwa 60 upate dakika 55. Jibu ni saa 4 na dakika 55.

Hatua ya 5: Ongeza muda wa kupanda, kushuka na kutambaa

Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege inapoacha ardhi. Unaanza inaposukumwa kutoka maegesho na kuishia inaposimama maegesho ya upande wa pili. Ndani yake kuna dakika 10 hadi 15 za kutambaa kwenda njia ya kurukia na kusubiri zamu, na kama 5 za kutambaa baada ya kutua. Halafu kuna muda unaopotea kwa mwendo mdogo: chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida huzuiwa kuvuka noti 250, ambazo ni kilomita 463 kwa saa, na kupanda kote huko juu hakuendi kwa kasi ya safari.

Kwa jeti, ongeza dakika 30 kwa jumla. Kwa ATR au Q400, ongeza 20. Kwa Cessna inayotua viwanja vidogo, 10. Kwenye viwanja vyenye msongamano mkubwa kama Heathrow au Dubai weka 40, maana ndege huzungushwa angani ikisubiri zamu.

Dar–Muscat: saa 4 na dakika 55, ongeza 30, inakuwa saa 5 na dakika 25.

Kadiri safari inavyopungua, ndivyo nyongeza hii inavyomeza hesabu nzima. Nairobi–Mombasa ni kilomita 423. Kwa jeti, kuruka kwenyewe ni kama dakika 40 na kidogo, lakini tiketi husema saa moja. Dar–Zanzibar ni kilomita 73, na hapo kanuni inavunjika kabisa: jeti haifiki hata kimo chake cha kawaida kabla ya kuanza kushuka. Caravan inakwenda kwa kama dakika 20, na jeti haiishindi kwa kitu.

Hatua ya 6: Upepo, na kwa nini si ule wa jahazi

Hapa ndipo wengi wa pwani hujikwaa kwa sababu wanaujua upepo vizuri mno. Jahazi lilishuka kutoka Muscat kwa kaskazi, Desemba hadi Machi, likarudi kwa kusi kuanzia Aprili. Mtu anatarajia ndege ya Julai kwenda Muscat isukumwe na kusi. Haisukumwi. Kusi inavuma chini, kilomita moja au mbili kutoka usawa wa bahari. Ndege inaruka kilomita 10 hadi 12 juu, na huko, katika miezi ya Juni hadi Septemba, upepo juu ya Bahari ya Arabuni na Pembe ya Afrika unatoka mashariki. Kwa ndege inayoelekea kaskazini-mashariki huo ni upepo wa mbele kwa sehemu, zile pepo za omo za mabaharia.

Desemba hadi Februari mambo hugeuka. Upepo mkali wa magharibi hushuka hadi juu ya Bara Arabu, na ndege inayotoka Dar hupata msukumo katika saa ya mwisho ya safari, huku ile inayotoka Muscat ikianza safari kwa kupambana nao. Kwa maneno mengine, msimu uliolirudisha jahazi Muscat ndio unaoipunguza mwendo ndege ya kwenda huko.

Upepo wa ubavuni hauongezi wala kupunguza sana. Kinachohesabika ni kile kipande chake kinachosukuma kutoka nyuma au kuzuia kutoka mbele. Ukijua kipande hicho, kiongeze au ukitoe kwenye kasi ya ndege kabla ya kugawa. Kwa njia ya kilomita 4,100 na ndege ya 840:

Upepo umetulia: saa 4 na dakika 53.
Msukumo wa nyuma wa kilomita 40 kwa saa (880): saa 4 na dakika 40.
Upepo wa mbele wa 40 (800): saa 5 na dakika 8.

Angalia kwamba upepo wa mbele umekula dakika 15 na ule wa nyuma umerudisha 13 tu. Daima iko hivyo, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia. Kwa hiyo usidhani kwenda na kurudi vitafidiana.

Kwa safari za mashariki-magharibi katika latitudo za kaskazini, upepo ndio bwana. Nairobi–New York ni kilomita 11,840 hivi. Safari hizo za moja kwa moja zilipoanza Oktoba 2018, kwenda kulipangiwa karibu saa 15 na kurudi karibu saa 14, kwa njia ile ile. Nairobi–Johannesburg, ambayo ni kaskazini-kusini, haina tofauti kubwa namna hiyo.

Hatua ya 7: Kanda za saa, na saa ya Kiswahili

Tiketi huandika saa ya kienyeji ya kila uwanja. Ukitoa moja kwa nyingine bila kusawazisha unapata muda wa uongo. Mfano mzuri ni Nairobi–Kigali: ndege inaondoka 08:00, inafika 08:30. Nusu saa kwa kilomita 758? Kigali iko saa moja nyuma ya Nairobi, hivyo safari ni ya saa moja na nusu.

Kenya, Tanzania na Uganda ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa ambayo saa zote hupimwa kwayo. Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki pamoja na Lubumbashi ziko UTC+2, na Kinshasa ni UTC+1. Oman na Falme za Kiarabu ziko UTC+4 mwaka mzima. Uingereza ni UTC wakati wa baridi na UTC+1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. New York ni UTC−5, ikibadilika kuwa UTC−4 kati ya Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ona kwamba tarehe za Marekani na Uingereza hazilingani: kuna wiki mbili au tatu za Machi ambapo London bado haijasogeza saa na New York imeshasogeza. Wanaounganisha ndege wiki hizo wahesabu mara mbili.

Kanuni ni moja: geuza saa zote mbili ziwe za mji mmoja, kisha toa. Tuseme ndege inaondoka Dar 14:30 na safari ni saa 5 na dakika 20. Kwa saa ya Dar itafika 19:50. Oman iko saa moja mbele, kwa hiyo ndugu wa Muscat aambiwe 20:50. Ikirudi ikaondoka Muscat 09:00 na kufika Dar 13:25, tofauti ya maandishi ni saa 4 na dakika 25. Ongeza ile saa moja, safari ni ya saa 5 na dakika 25.

Kisha geuza kwa saa tunayoisema midomoni, na hapa ndipo safari za watu huharibika. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, jumlisha 6: 02:35 ni saa nane na dakika 35 usiku. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Kuanzia 19:00, toa 18: 20:50 ni saa mbili na dakika 50 usiku. Yaani 02:35 na 14:35 zote ni "saa nane na dakika 35" mdomoni. Ukimwambia mtu kwa simu bila kutaja usiku au mchana, umemtega.

Mtego mkubwa zaidi ni tarehe. Tarehe ya tiketi inabadilika saa sita ya usiku, wakati kwa mazoea yetu usiku wote ni kitu kimoja mpaka kunapambazuka. Tiketi ikisema Ijumaa tarehe 15, saa 02:35, unatakiwa uwe uwanjani Alhamisi tarehe 14 saa tano na nusu usiku. Anayefika Ijumaa jioni akiwa na mabegi atakuta ndege yake imeondoka tangu alfajiri. Ndege nyingi za kwenda Ghuba na Ulaya huondoka usiku wa manane, kwa hiyo hili si jambo la nadra. Mkielezana kwa simu, semeni "usiku wa kuamkia Ijumaa". Maneno hayo hayana utata. Na alama ya +1 kando ya saa ya kufika maana yake ni siku inayofuata.

Safari za kuunganisha

Hakuna hesabu mpya: pima kila kipande peke yake, jumlisha, linganisha na duara kuu la mwanzo hadi mwisho. Dar–London moja kwa moja ni kilomita 7,510 hivi. Kupitia Addis Ababa ni 1,763 + 5,920, yaani kama 7,680. Addis iko karibu juu ya mstari wenyewe, umeongeza kilomita 175 tu. Kupitia Dubai ni 3,978 + 5,498, karibu 9,480. Hizo ni kilomita 2,000 za ziada, au zaidi ya saa mbili za kukaa angani kabla hujahesabu muda wa kusubiri.

Hiyo haimaanishi Dubai ni chaguo baya. Nauli, mzigo unaoruhusiwa na urefu wa kusubiri vinaweza kubadilisha uamuzi. Kumbuka tu kwamba kila kutua kwa ziada kunaleta tena zile dakika 30 hadi 40 za hatua ya 5, hata kama mji wenyewe uko njiani kabisa.

Kulinganisha jibu lako na tiketi

Chukua namba ya safari, itafute kwenye Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, na uangalie muda halisi wa siku kadhaa zilizopita. Usitazame siku moja, maana siku moja inaweza kuwa ya mvua au ya foleni. Muda wa kuruka unaoonyeshwa huko utakuwa pungufu ya ule wa tiketi, kwa sababu hauhesabu kutambaa ardhini, na pia mashirika huweka akiba ya dakika kadhaa ili ndege ihesabiwe kuwa imefika kwa wakati. Ukisikia rubani akitangaza "tutawahi kwa dakika 15", mara nyingi ni akiba hiyo haikutumika.

Jibu lako likipishana na tiketi kwa chini ya dakika 20, hesabu yako ni nzuri. Likizidi hapo, kagua kwa mpangilio huu: alama ya kutoa kwenye latitudo, herufi za uwanja, ukanda wa saa, aina ya ndege, kisha anga zilizofungwa njiani. Vyote vikiwa sawa na bado kuna saa nzima au mbili zisizoeleweka, tazama idadi ya vituo. Safari yenye namba moja na ndege moja inaweza kutua Zanzibar au Kilimanjaro, ikashusha na kupakia abiria kwa dakika 50, ndipo ikaendelea, na kwenye tiketi yote hayo yakaonekana kama mstari mmoja tu wa DAR na mji unaokwenda. Bonyeza neno "maelezo" chini ya mstari huo. Kituo kilichofichwa huwa kimeandikwa hapo kwa herufi ndogo.